Taya la juu: uliza atakula vipi kabla hawajakata

Ushawahi kunywa chai, mtu akasema kitu ya kuchekesha, chai ikakutokea puani? Pua inawaka, macho yanatoa machozi, unacheka huku unakohoa, alafu inaisha. Sasa fikiria kila kikombe kiko hivo. Kila kijiko cha uji, kila maji ya kumezea dawa. Anti yangu alikula hivo kwa miezi, na si ati kwa sababu ya ugonjwa, ugonjwa ulikuwa umeshatolewa na ulitolewa vizuri. Ni kwa sababu siku wanatoa uvimbe kwa taya lake la juu hakuna mtu alikuwa amepanga lile shimo litazibwa na nini.

Anti ni dada mdogo wa mzee wetu. Walizaliwa na kulelewa huku Nakuru, upande wa Njoro, yeye akaolewa Kisumu na mpaka leo anauza mitumba ya watoto pale soko la Kibuye. Hio mambo ya Njoro iweke kando kidogo, itarudi tukifika kwa rangi ya meno.

Ilianza na gego la juu upande wa kulia kulegea. Jino zima, halina tundu, halina maumivu ya maana, linacheza tu. Akaenda kliniki moja ya meno, likang'olewa, akapewa antibayotiki akaenda kuuza. Pengo likakataa kufunga. La pembeni nalo likaanza kucheza, likang'olewa pia. Pua ya upande huo ikawa imeziba kila siku, akasema ni vumbi ya soko. Alafu shavu likaanza kufa ganzi chini ya jicho, na jicho likawa linatoa machozi bila sababu, hapo sasa ndio akanipigia simu, tena akaanza kwa kuuliza watoto wako aje, mvua imefika, mzee anaendeleaje, mpaka mwisho ndio anasema "nyathina (mtoto wangu), hii shavu yangu siisikii."

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini hii kitu hujificha hivo. Taya la chini ni mfupa mmoja umepinda, uvimbe ukianza pale watu wanakuuliza mapema umepigwa na nani. La juu ni kama nyumba. Sakafu yake ndio kaakaa, na pembeni ya sakafu ndio meno yamepandwa, dari yake ndio jicho limelalia, ukuta wa ndani ndio ukuta wa pua, na katikati kuna chumba kitupu kabisa kinaitwa sainasi. Uvimbe ukimea ndani ya hicho chumba una nafasi ya kunenepa bila mtu kujua. Ukijaa ndio unaanza kusukuma kuta: sakafu ikisukumwa meno yanalegea, ukuta ukisukumwa pua inaziba upande mmoja, dari ikisukumwa jicho linapanda au linaona vitu viwili viwili, na ule mshipa wa fahamu unaopita chini ya jicho kuja kwa shavu na mdomo wa juu ukibanwa unakufa ganzi. Anti alikuwa na karibu zote hizo, zikija moja moja, na kila moja ilikuwa na maelezo yake ya kawaida. Mimi siku hizi nikisikia mtu mzima ana meno mazima ya juu yanalegea upande mmoja na fizi zake ziko sawa, namwambia apigwe eksrei kabla hajang'oa hata moja. Wengine wanaona nimezidi. Sawa.

Skani ikaonyesha chumba chote kimejaa, wakatoa kinyama wakapeleka biopsi, jibu likaja ameloblastoma. Hili jina litakutisha lakini si kansa ya kutawanyika mwilini, inatokana na chembe zilezile za kutengeneza meno, na mara nyingi hutokea taya la chini, kama nane kwa kila wagonjwa kumi. Shida yake ni kwamba inakula mfupa polepole bila haraka na bila maumivu, na ukiikwangua tu ukaacha mfupa, inarudi. Inaweza kurudi hata miaka kumi baadaye. Kwa hivyo wanatoa uvimbe pamoja na mfupa mzima unaouzunguka, sentimita moja hadi mbili kila upande. Na ikiwa juu ndio mbaya zaidi, kwa sababu mfupa wa huko ni mwembamba na laini kama hauko, na jirani zake ni jicho na sehemu ya chini ya fuvu, ikirudi huko hakuna mtu anataka kuifuata.

Niseme jambo moja la watoto hapa kwa sababu liko kwetu kabisa. Kwenye benchi ya kungojea siku hio tulikaa na mama mmoja ametoka karibu na ziwa na mtoto wa miaka kama sita, shavu limevimba limeenda upande mmoja na fizi zimefura mpaka meno yanaangalia kila mahali. Foleni nzima ikamwonea huruma ikaanza kumwambia ajitayarishe, mtoto atakatwa uso. Hakukatwa. Hio ilikuwa Burkitt, limfoma, yaani kansa ya chembe za kinga ya mwili, na ukanda huu wetu wa ziwa ni mojawapo ya mahali inajulikana sana duniani kwa sababu malaria haiishi. Daktari Denis Burkitt alianza kuona hao watoto pale Mulago, Kampala, mwaka wa 1957, akaandika juu yao 1958, na mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr wakapata kirusi ndani ya chembe za huo uvimbe. Inakua haraka ajabu, unaweza kuona tofauti kati ya leo na kesho kutwa, lakini pia inayeyuka haraka ikipewa dawa za kemo, na taya lenyewe mtoto anabaki nalo. Kwa hivyo mtoto wa huku kwetu akivimba taya, kisu si cha kuharakisha, biopsi ndio ya kuharakisha. Yule mama alipoambiwa mtoto haendi thieta kukatwa uso alilia kuliko vile angelia akiambiwa anaenda.

Sasa Anti yeye ilikuwa lazima thieta. Wakakata ngozi kutoka chini ya jicho, ikateremka pembeni ya pua, ikazunguka tundu la pua mpaka ikapasua mdomo wa juu katikati, uso ukafunguliwa kama mlango. Nilikuwa nimesoma nikaogopa, lakini niwaambie ukweli, hio alama leo lazima uitafute ndio uione, uso huponea kwa mikunjo yake. Wakatoa nusu ya taya la juu ya kulia, sakafu ya jicho wakaiacha. Daktari wa kwanza alijua kukata, sitamnyima sifa yake, na ripoti ya maabara ilisema kingo ziko safi.

Nilipata pia kujua kwamba mtu wa kwanza kusifika kwa kutoa taya la juu zima ni Mfaransa, Joseph Gensoul, kule Lyon, 1827. Etha ya kulaza mgonjwa ilionyeshwa watu Boston 1846. Fanya hesabu mwenyewe ujue huyo mgonjwa alikuwa macho. Nilimsomea Anti hii nikidhani nitamtia moyo akaniambia nizime simu.

Alipoamka shimo lilikuwa limejazwa gozi, kile kitambaa laini cha kufunga vidonda, kwa hivyo siku za kwanza hatukujua kitu. Alikuwa analishwa kwa mpira wa puani. Gozi ilipotolewa ndio tukaona. Mdomo na pua vimekuwa chumba kimoja. Maji yanaingia yakitokea juu. Na sauti, Mungu wangu, sauti.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hata mimi sikuwa najua kaakaa inafanya kazi gani. Ukitaka kusema p, b, t, d, k, g, s, ch, lazima ujaze hewa mdomoni uifungie alafu uiachilie. Kaakaa ikiwa na shimo hewa inapitia puani kabla haijajaa, hakuna kitu cha kuachilia. Lakini m, n, ny na ng' zenyewe zilikuwa za puani tangu mwanzo, hizo hazijaguswa. Kwa hivyo Anti alikuwa anasema "mama" safi, "nyanya" safi, "ng'ombe" karibu safi, na akisema "baba" unasikia "mama". Mume wake alicheka siku ya kwanza, siku ya pili hakucheka tena. Sokoni ndio ilikuwa balaa: akisema "tano" mteja anasikia "nano", mwingine anaelewa nane, anarudisha nguo anaenda. Fikiria mtu ambaye Jumapili, Kibuye ikiwa imejaa, alikuwa anaita wateja kutoka mwisho wa laini, sasa ananyoosha vidole kuonyesha bei. Akaacha kushika simu, anaandika meseji. Kanisani anakaa nyuma. Kwenye meza ya watu akasema ameshiba, kila mahali ameshiba. Alikonda si kwa sababu hawezi kumeza, koo lilikuwa zima, alikonda kwa sababu hataki kula mbele ya mtu.

Watu wakiona mgonjwa wa uso wanafikiria urembo. Ati atakuwa anaonekana aje. Anti hakuwahi kuniuliza hata siku moja anaonekana aje. Alikuwa anauliza ataita wateja lini.

Nikamleta kwangu Nakuru, Section 58, tukaenda hospitali nyingine huku. Daktari mama, si mtu wa maneno mengi, akaangalia ndani na taa yake, swali lake la kwanza likawa: kabla ya kukatwa, mlichukuliwa kipimo cha mdomo? Tukaangaliana. Hatukuwahi kuchukuliwa kipimo cha chochote. Akashusha pumzi akaanza kutueleza.

Venye inafaa kuwa ni hivi. Kabla ya oparesheni fundi wa meno anachukua umbo la mdomo, ile ya kuuma kitu laini kama unga uliokandwa, anatengeneza plasta ya taya lako likiwa bado zima. Daktari anachora kwa hio plasta penye atakata. Fundi anatengeneza pleti, na siku ya oparesheni kabla hata hujaamka hio pleti imeshafungwa mahali pake, inashikilia gozi na kuziba kaakaa. Unaamka unaweza kumeza maji, na ukisema "baba" watu wanasikia baba. Baada ya kama wiki moja hivi gozi inatolewa, unawekewa pleti ya pili ya muda, inaongezwaongezwa kadri kidonda kinavyosinyaa. Ya kudumu inakuja miezi mitatu mpaka sita baadaye, kidonda kikishatulia, na hio ndio inakuwa na meno mazuri na sehemu ya juu inayoingia ndani ya shimo, ambayo wanaiacha wazi ndani isiwe nzito ikavuta meno yaliyobaki. Hii kitu yote inaitwa obtureta. Si teknolojia ya kutisha. Mfaransa mwingine, Ambroise Paré, katika karne ya 16 alikuwa anaandika juu ya pleti za dhahabu au fedha za kuziba kaakaa, zimefungwa sponji kwa juu, ikilowa inavimba inashika. Karne ya 16! Na Anti wangu karne hii anakula akiwa amefunga pua kwa leso.

Nimekasirika nikiandika hapa, nitasonga.

Kwa sababu kipimo hakikuchukuliwa mapema, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Kovu lilikuwa limeshavuta, na mdomo haukuwa unafunguka vizuri, misuli ya kutafuna imekakamaa. Ilibidi kwanza afanye mazoezi ya kufungua mdomo na vijiti vile bapa vya daktari, unavipanga kimoja juu ya kingine katikati ya meno, leo idadi hii, wiki ijayo unaongeza kimoja. Anafanya akiangalia taarifa ya habari, machozi yakimtoka, na ukimwambia apumzike anakutolea macho. Mdomo ulipofunguka wa kutosha kuingiza kijiko cha kipimo, fundi akaanza.

Na ndio tukafika kwa rangi. Kama umezaliwa Njoro, Bahati, sehemu nyingi za Nakuru unajua. Maji ya visima vya huku yanatoka kwa miamba ya volkano na yana floraidi nyingi, kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo WHO inasema isipitwe, na ukiyanywa ukiwa mtoto, meno yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yanatoka na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utayatoa. Ukienda Nairobi watu wanajua umetoka wapi kabla hujasema. Fundi akatoa kile kikadi cha rangi za meno, safu nzima ya meno ya mfano, meupe, ya manjano kidogo, ya kijivu kidogo. Hakuna la kahawia. Anti akaangalia akasema haya yote si yangu. Fundi akamwambia mama hii ndio nafasi ya kupata meno meupe, akakataa, akasema nusu nyeupe nusu ya Njoro nitakuwa kama ukuta umepakwa rangi ikaisha. Yule fundi naye ni mtoto wa hukuhuku, akacheka, akachukua brashi ndogo akayachora madoa kwa mkono moja moja akiangalia yale yaliyobaki upande wa kushoto. Mimi sijui kama kuna kitabu kinafundisha hio. Mpaka leo mtu akimwangalia hawezi kujua ni upande gani umetengenezwa.

Siku aliyowekewa alipewa maji kwenye glasi. Akakunywa. Akangoja. Akashika pua. Hakuna kitu. Akakunywa yote, akaomba ingine. Alafu akasema jina la mume wake, ambalo lina b na t ndani, polepole kama mtoto anajifunza, na mimi nikatoka nje kupiga simu ambayo sikuwa na haja ya kupiga.

Pleti ina adabu zake. Unaitoa kila baada ya kula unaiosha, unasukutua shimo na maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa sababu linatengeneza magamba na yakikaa yananuka, na miezi ya kwanza huwezi kuiacha nje kwa muda mrefu, kovu linavuta na ikirudi haiingii. Omena ni shida, vichwa vinaingia pembeni. Mrenda inateleza inatafuta njia. Ugali mgumu hauna neno. Kuna matanga tulienda Siaya, akaifunga kwa tishu akaiweka kando ya sahani ili aioshe vizuri, kasichana kanatoa vyombo kakabeba tishu kakatupa, tulipindua pipa la taka waombolezaji wakituangalia. Sasa anatembea na kikopo cha plastiki chenye kifuniko.

Sasa mtu atauliza, kwani hawawezi kuweka mfupa? Wanaweza. Na hapa ndio nilijifunza mambo mengi zaidi, kwa sababu ya kijana mmoja tulikutana naye wodi ya hapo, mtoto wa miaka ishirini hivi, uvimbe aina ileile, taya la juu lilelile. Yeye alikuwa amepangiwa mfupa wa mguu.

Mguuni chini ya goti una mifupa miwili, ule mnene wa muundi ndio unabeba uzito, ule mwembamba wa nje, fibula, haubebi kitu cha maana. Wanauacha kama sentimita sita karibu na kifundo na zingine kama hizo karibu na goti ili viungo visilegee, katikati wanachukua, na mtu anatembea. Lakini hawachukui mfupa mtupu, mfupa mtupu ukiuweka penye kuna mate na hewa ya pua utaoza. Wanauchukua na ateri yake na vena yake na kipande cha ngozi, alafu wanaushona kwa mishipa ya shingoni chini ya hadubini, mishipa ya milimita mbili tatu, uzi ambao kwa macho huuoni. Profesa Ian Taylor wa Australia ndiye alionyesha hii njia 1975, kwa mguu uliovunjika, na mwaka wa 1989 David Hidalgo kule New York akaileta kwa taya la chini. La juu lilifuata na ni gumu zaidi, kwanza kwa sababu mishipa ya shingo iko mbali na shavu, kwa hivyo ile mishipa inayokuja na mfupa lazima iwe mirefu, pili kwa sababu mfupa ulionyooka lazima ukatwe vipande uungwe upya uwe na pinda ya meno. Kabla ya yote mguu unapigwa skani ya mishipa, maana kuna watu wachache ambao ile ateri ya fibula ndio peke yake inalisha wayo, ukiichukua mguu unakufa.

Yule daktari mama aliniambia kitu nimekikumbuka sana: hawaanzi na mfupa, wanaanza na meno. Kwenye kompyuta wanaweka kwanza meno mahali yanatakiwa kukaa, yaumane na ya chini, alafu wanarudi nyuma kuuliza mfupa ukae wapi ili uyabebe. Ukifanya kinyume unapata mfupa mzuri uko mahali hakuna jino linaweza kusimama. Na kuna njia rahisi ya kuziba kwa nyama tu, ya mkono au ya pembeni ya kichwa, shimo linafungwa kweli, lakini nyama ni nzito inaning'inia chini, na meno ya bandia hayana ukingo wa kushikilia. Umefunga mlango ukapoteza meza. Madaktari wawili wa Liverpool, Brown na Shaw, mwaka wa 2010 walipanga mashimo yote haya kwa madaraja, namba ya Kirumi kwa urefu wa kwenda juu, herufi kwa upana wa kaakaa, na kadri namba inapanda ndio pleti peke yake inazidi kushindwa. Kama jicho limepoteza sakafu, pleti haitaweza kulibeba.

Kijana alikaa thieta tangu asubuhi mpaka usiku. Siku zilizofuata sista alikuwa anakuja kila saa, mchana na usiku, anabonyeza kile kipande cha ngozi mdomoni, anaangalia rangi, anaweka kidude kinachosikiliza damu ikipita. Ikiwa nyeupe na baridi ateri imeziba, ikiwa ya zambarau vena imeziba, na masaa yanahesabika kabla ya kurudishwa thieta. Baba yake alikuwa hawezi kulala, anamuuliza sista kila akitoka, bado ni ya pinki? Mzee wa shambani, kofia mkononi, anauliza rangi ya nyama. Ilibaki ya pinki. Baada ya miezi akawekewa skrubu za titani kwa huo mfupa mpya, kitu ambacho Per-Ingvar Brånemark alianza kwa binadamu mwaka wa 1965 kule Sweden baada ya kugundua mfupa unashikana na titani, na meno yake sasa yamefungwa, hayatolewi usiku.

Kwenye group ya familia watu waliposikia ya kijana wakaanza kusema Anti alipewa ya maskini. Mjomba mmoja akataka tufanye mchango mwingine wa haraka aende achukuliwe mguu. Mimi sikubaliani na hio lugha ya kitajiri na kimaskini. Kijana ana miaka hamsini ya kutafuna mbele yake. Anti shimo lake ni la chini, jicho liko sawa, upande wa kushoto ana meno mazima ya kushikilia pleti, na pia daktari anataka kuchungulia ndani kila akija kama ule uvimbe umerudi, pleti unaitoa unaona. Mfupa ni oparesheni mbili mwilini kwa wakati mmoja, mdomo na mguu, na yeye kazi yake ni kusimama kutwa. Kama wangeniuliza mimi kuhusu pesa, ningezitumia zile za mchango kwa fundi wa meno mapema, kabla ya kisu cha kwanza, hapo ndio tulipotea.

Mwezi uliopita daktari alimpa njia ya katikati, skrubu ndefu zinazopita mpaka kwa mfupa wa shavu, pleti inabana juu yake haichezi hata akila mahindi ya kuchoma. Anti aliuliza bei, akauliza atakaa nje ya soko muda gani, akauliza kama fundi yuleyule ndiye atachora meno. Alafu akasema atajibu baada ya Januari, kwa sababu shule zikifungua ndio nguo za watoto zinauzwa na hawezi kuachia mtu laini yake wakati huo. Skani yake ya mwaka huu ilikuwa safi. Mfupa wa mguu amesema hapana, na nikimjua hio hapana haitabadilika, lakini za shavu naona atakubali, maana ameshaanza kumwomba fundi apunguziwe bei.